Maswali ya Wasomaji: Riwaya za Mapenzi za Kikristo na Mchumba Asiyefanana na wa Kitabuni

Barua tatu tunazozijibu safari hii zinahusu riwaya za mapenzi zinazoandikwa kwa ajili ya wasomaji Wakristo, ambazo siku hizi zinapita kutoka simu hadi simu miongoni mwa mabinti wa kwaya, wanafunzi na hata akina mama. Barua ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kwa sababu inagusa uchumba wa mtu, na uchumba si jambo la kujibiwa kwa haraka.

Swali

Mama, shikamoo, na Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni binti wa miaka 24, mwanakwaya katika usharika mmoja hapa Iringa. Tangu mwaka jana rafiki yangu niliyesoma naye chuo amekuwa akinitumia kwa simu riwaya za Kiingereza za mapenzi za Kikristo. Nimezipenda mno, kwa kuwa hazina matusi wala mambo ya chumbani, na watu wake wanasali. Mama mmoja wa Umoja wa Wanawake alinikuta nikisoma kabla ya mazoezi ya kwaya, akaniambia kwamba hayo ni mapenzi ya dunia yaliyopakwa mistari ya Biblia, na kwamba binti aliyeokoka hapaswi kuyagusa. Je, ninatenda dhambi? Jambo la pili linanisumbua zaidi. Nina mchumba anayefanya biashara ya mbao Mafinga, na barua yake ya posa imekwisha kupokelewa nyumbani. Ni mwema na mcha Mungu, lakini si mtu wa maneno. Siku hizi kila akija kunitembelea namwona kama amepungukiwa na kitu ambacho wanaume wa vitabuni wanacho. Nifanyeje?
— Mwanakwaya, Iringa

Jibu

Marahaba, mwanangu, na Bwana asifiwe. Swali lako la kwanza lina jibu fupi: kusoma hadithi ya mapenzi ya mwanamume na mwanamke si dhambi, maana Biblia yenyewe inazo hadithi hizo na inazisimulia bila haya. Kitabu cha Mwanzo kinatuambia kwamba Yakobo alitumika miaka saba ili ampate Raheli, na kwamba miaka hiyo ilikuwa machoni pake kama siku chache tu kwa jinsi alivyompenda. Kitabu cha Ruthu kina sura nne, na ndani yake kuna mjane mgeni anayeokota masazo ya mavuno, kuna usiku wa uwanja wa kupuria nafaka, na kuna mwanamume ambaye kulipokucha alikwenda kuketi langoni mwa mji, akawaita wazee kumi, na jambo lake likamalizwa mbele yao. Wimbo Ulio Bora nao tumeupokea ndani ya Maandiko ukiwa ni mashairi ya wapendanao toka sura ya kwanza hadi ya nane. Kwa hiyo mama yetu wa Umoja wa Wanawake, ambaye namheshimu, hana haki ya kukukataza kwa hoja kwamba mapenzi si habari ya kusomwa na mtu aliyeokoka.

Hata hivyo usimpuuze, kwa sababu ameona jambo lililo kweli. Vipo vitabu ambavyo imani imepakwa juu kama rangi ya ukuta: mhusika anataja mstari mmoja, anasali sentensi mbili kabla ya kulala, na baada ya hapo kila kitu kinaendelea kama kingeendelea katika riwaya nyingine yoyote. Mimi hukipima kitabu kwa namna hii. Nikishamaliza kukisoma, ninaondoa akilini mwangu sala zote na mahubiri yote yaliyomo, kisha ninajiuliza kama hadithi ingebaki vilevile. Ikiwa hakuna uamuzi hata mmoja ambao ungebadilika, hakuna kosa ambalo lisingesamehewa, hakuna neno ambalo mtu angelisema badala ya kulimeza, basi imani haikuwa na kazi humo ndani, na mama yule amesema kweli juu ya kitabu hicho.

Lakini si vyote viko hivyo. Huko Marekani na Kanada aina hii ya riwaya ina historia ndefu. Grace Livingston Hill, aliyezaliwa mwaka 1865 na kufariki mwaka 1947, aliandika zaidi ya vitabu 100. Alikuwa binti wa mchungaji wa Kipresbiteri, na alipofiwa na mume akiwa na mabinti wawili wadogo, kalamu ndiyo iliyowalisha. Mwaka 1967 Catherine Marshall alitoa riwaya ya *Christy*, inayomhusu binti wa miaka 19 anayekwenda kufundisha shule ya misheni katika milima ya Tennessee mwaka 1912. Kisha mwaka 1979 mwandishi wa Kanada, Janette Oke, akatoa *Love Comes Softly*, na hicho ndicho kitabu kinachotajwa mara nyingi kuwa kiliwafungulia njia hao wote unaowasoma leo. Ningependa ukisome, kwa sababu kinagusa moja kwa moja shida yako.

Hadithi yake ni hii. Binti anayeitwa Marty anasafiri na mume wake kwenda kutafuta ardhi upande wa magharibi, na mume huyo anafariki njiani. Siku ileile ya mazishi anajiwa na mwanamume asiyemfahamu, Clark, mjane mwenye mtoto mdogo wa kike, ambaye anamwomba waoane ili mtoto apate mama na yeye Marty apate pa kujisitiri wakati wa baridi. Anamwahidi kwamba msafara utakapokuwa unarudi mashariki, akitaka kuondoka atamlipia nauli. Marty anakubali kwa kuwa hana pengine pa kwenda. Katika ndoa hiyo hakuna maneno matamu. Mume analala katika chumba cha pembeni, mke hajui kupika, na kwa siku kadhaa mfululizo familia nzima inakula chapati za maji tu, ambazo Clark anazila bila kulalamika. Kila asubuhi kabla ya kula mwanamume huyo anafungua Biblia, anasoma, kisha anasali kwa maneno ya kawaida, na Marty, ambaye hakulelewa katika mazoea hayo, anashangaa mtu kuzungumza na Mungu mezani kana kwamba yupo palepale. Upendo unakuja polepole, kwa kuni zilizopasuliwa bila kuombwa, kwa mtoto aliyeuguzwa, kwa ahadi iliyotimizwa. Ondoa sala za asubuhi katika kitabu hicho na hakuna kinachobaki, maana kwa sala hizo ndipo Marty anaanza kumfahamu mume wake.

Sasa nije kwa mchumba wako. Unasema amepungukiwa na kitu ambacho wanaume wa vitabuni wanacho, na mimi nadhani ninakifahamu kitu hicho. Riwaya nyingi za namna hii hupokezana macho: sura moja tunamfuata mwanamke, sura inayofuata tunaingia ndani ya kichwa cha mwanamume. Msomaji anajua kwamba mwanamume alipokaa kimya mlangoni alikuwa anaogopa kukataliwa, kwamba alipoondoka mapema alikuwa anakwenda kuuza farasi wake ili alipe deni, na kwamba usiku hakulala akimfikiria yule binti. Mwanamke aliye ndani ya hadithi hajui lolote kati ya hayo, lakini wewe unayesoma unayajua yote. Ukishasoma vitabu vingi vya hivyo, unazoea kufunguliwa moyo wa mwanamume bila kuuliza. Halafu anakuja kijana wa Mafinga, ametoka kupakia mbao, amepanda basi, ameketi sebuleni kwenu mbele ya baba yako, anakunywa chai na kusema kwamba mvua za huko zimechelewa. Hakuna sura inayokueleza alichokuwa anawaza. Hapo ndipo unapomwona amepungukiwa, wakati kilichopungua ni zile kurasa ambazo mwandishi alikuwa anakupa.

Kwa hiyo muulize. Muulize maswali ambayo riwaya ingekujibia bila wewe kuuliza: ni nini kilimfanya atume barua ya posa kwenu na si kwingine, ni jambo gani katika ndoa linamtia hofu, biashara ikianguka ana mpango gani, na anamwomba Mungu nini juu yenu wawili. Mpe nafasi ya kufikiri, maana mtu asiye wa maneno hujibu vizuri zaidi mkiwa mnatembea au kesho yake kwa simu kuliko akiwa amekazwa macho sebuleni. Ikiwa baada ya kuulizwa kwa upole, na zaidi ya mara moja, bado hataki kukuonyesha chochote kilicho ndani yake, hilo ni jambo la kulizungumza na mchungaji wenu kabla matangazo ya ndoa hayajasomwa, na ningekuambia hivyo hata kama usingekuwa umesoma riwaya yoyote. Lakini kama akijibu, hata kwa sentensi fupi, zisikilize kwa makini, usizipime kwa urefu wake.

Kuna jambo jingine ambalo wewe halikuhusu, lakini najua wapo mabinti wengine watakaosoma jibu hili. Riwaya hizi zina kanuni inayotokana na Waraka wa Pili kwa Wakorintho 6:14, kwamba mwamini asifungiwe nira pamoja na asiyeamini, na kwa sababu hiyo mwanamume asiyeamini lazima aokoke kabla ya ukurasa wa mwisho. Katika *Christy* daktari wa milimani, ambaye hakuwa na imani, anafunguliwa moyo wake kando ya kitanda cha yule binti anayekaribia kufa kwa homa ya matumbo. Ni sura yenye nguvu, na mimi nimeisoma zaidi ya mara moja kwa machozi. Lakini mwandishi alikuwa na uwezo wa kumleta mtu kwa Mungu wakati hadithi inapomhitaji, na binti wa Iringa au wa Kisumu hana uwezo huo. Nimeona mabinti waliomsubiri mwanamume aokoke kwa sababu anawapenda, na alipokubali kubatizwa wiki chache kabla ya harusi, kanisa zima likafurahi, na baada ya mwaka mmoja mke alikuwa anakwenda ibadani peke yake. Mtu humgeukia Mungu kwa ajili ya Mungu. Akigeuka kwa ajili yako, siku mtakapogombana atakuwa hana sababu ya kubaki.

Neno la mwisho kwako, mwanangu, na hili halikuulizwa. Unasema rafiki yako anakutumia vitabu kwa simu. Faili nyingi zinazozunguka namna hiyo zimenakiliwa bila idhini ya mwandishi wala mchapishaji, na hata kama rafiki yako hakulijua hilo, mwandishi ananyimwa ujira wake. Tumebishana sana makanisani kuhusu busu lililo ukurasa wa 200, na sijasikia mtu akiuliza kama kitabu chenyewe kimepatikana kwa haki. Vipo vitabu ambavyo wachapishaji wenyewe huvitoa bure kwa muda, vipo vya mitumba kwa bei ndogo, na usharika unaweza kununua nakala moja ikasomwa na wengi. Anzeni hapo.

Swali

Mama, salamu kutoka Nakuru. Binti yangu yuko Kidato cha Pili, ana miaka 15, na amerudi likizo na kitabu kiitwacho *Redeeming Love*. Anasema ni cha Kikristo na kwamba wenzake wote bwenini wamekisoma. Nimefungua katikati nikakuta habari za danguro. Nimnyang'anye?
— Mzazi, Nakuru

Jibu

Usimnyang'anye kwa ghafla, mama mwenzangu, lakini mwambie akuachie ukisome kwanza, na ninaamini ukishakisoma utaamua kwamba asubiri miaka michache.

Kitabu hicho cha Francine Rivers kinamsimulia upya nabii Hosea na mke wake Gomeri, lakini kimewekwa California mwaka 1850, wakati watu walipokuwa wanamiminika huko kutafuta dhahabu. Mwanamke anayeitwa Angel aliuzwa katika ukahaba akiwa mtoto mdogo, na mkulima anayeitwa Michael Hosea anaamini kwamba Mungu amemwagiza amwoe. Anamwoa, anamtunza, mke anatoroka, naye anamfuata. Mwandishi alikuwa akiandika riwaya za mapenzi za kawaida kabla ya kuokoka katika miaka ya 1980. Kitabu hiki kilitoka mara ya kwanza mwaka 1991 kwa wasomaji wote, kisha kikarekebishwa na kutolewa tena mwaka 1997 na mchapishaji wa Kikristo. Filamu yake ilitoka mwaka 2022.

Mimi nakithamini. Kinaeleza neema kwa ujasiri ambao mahubiri mengi hayana, na wapo wanawake waliodhulumiwa utotoni ambao wamejiona ndani yake. Lakini kinaonyesha mtoto akitendewa maovu mazito na watu wazima, na kinaonyesha mambo ya chumbani zaidi ya vitabu vingine vya aina yake. Kuwekwa kwenye rafu ya vitabu vya Kikristo hakukifanyi kiwe cha watoto, kama vile kitabu cha Waamuzi kilivyo ndani ya Biblia na bado hatukisomi chote katika shule ya Jumapili.

Kama ameshafika mbali, basi badala ya kumkatiza someni pamoja sura zilizobaki na mzungumze. Kuna jambo moja ambalo ningetaka binti wa miaka 15 alisikie kutoka kwa mama yake mwenyewe: katika kitabu, mwanamume anamwambia mwanamke kwamba Mungu amemwonyesha kuwa yeye ndiye mke wake, na ndivyo inavyokuwa kweli. Huku kwetu maneno hayohayo yanasemwa na watu wazima kwa wanafunzi wa sekondari, na wengine wao wana vyeo kanisani. Binti yako ajue kwamba akiambiwa hivyo na mtu yeyote, ana ruhusa kamili ya kukataa na kuja kukuambia siku hiyohiyo.

Swali

Mama mpendwa, shikamoo. Mimi ni kijana wa Mwanza, mwalimu wa shule ya msingi, na ninapenda kuandika. Nataka kuandika riwaya ya mapenzi ya Kikristo kwa Kiswahili, lakini kila nikianza najikuta naandika mambo ya Marekani. Je, zipo kanuni za kufuata? Na je, ni lazima hadithi iishie harusini?
— Mwalimu, Mwanza

Jibu

Marahaba, mwanangu. Kanuni zipo kwa wale wanaoandikia kampuni kubwa. Harlequin, yenye asili ya Kanada, ilianzisha mfululizo wake wa Love Inspired mwaka 1997, na mwandishi anayetaka kuingia humo anaelekezwa kwamba riwaya ya siku hizi iwe na maneno kama 55,000, wahusika wasilale pamoja kabla ya ndoa, lugha iwe safi, na safari ya imani iwe sehemu ya hadithi badala ya kuongezwa pembeni. Hilo la mwisho lichukue, kwa kuwa ni la kweli popote. Hayo mengine ni masharti ya duka lao.

Unajikuta Marekani kwa sababu umeazima umbo la hadithi yao, na umbo hilo linadai watu wawili walio peke yao: shamba lililo mbali, theluji inayofunga njia, wawili wanaoamua wenyewe. Uchumba wa kwetu una watu wengi ndani yake. Kuna mshenga anayebeba barua, kuna baba mdogo anayetaka mahari ipandishwe kwa sababu binti amesomeshwa, kuna matangazo yanayosomwa kanisani Jumapili tatu na kila mtu anageuka kuangalia, kuna vipimo vya damu ambavyo wachungaji wengi huvitaka, kuna kamati ya harusi na daftari la michango, na kuna shangazi anayejua jambo ambalo hajalisema. Chukua kikao cha mahari peke yake: bwana harusi mtarajiwa ameketi nje na haruhusiwi kuingia, ndani wazee wanataja ng'ombe, na yeye anasikia sauti zinapanda lakini hasikii maneno. Je, atasali nini pale nje? Na ikiwa atakopa kwa siri ili mahari itimie, je, atamwambia mchumba wake? Huhitaji theluji.

Afrika imekwisha kutoa mfano. Walter Trobisch, mmisionari Mjerumani aliyekuwa Kameruni, alitoa mwaka 1962 kitabu kidogo cha barua kati ya kijana François na mchungaji wake. Kilianza kwa Kifaransa, na kwa Kiingereza kinaitwa *I Loved a Girl*. Kijana anampenda Cécile, lakini baba wa binti anadai mahari ambayo kijana hana. Ni kitabu cha mafundisho kuliko riwaya, lakini kilisomwa duniani kote, na shida iliyokibeba ni mahari. Mwandishi hakuificha shida hiyo ili wasomaji wa Ulaya wakielewe.

Kuhusu kuishia harusini, hapana, si lazima. Nimemweleza binti wa Iringa hapo juu juu ya kitabu kinachoanza na ndoa na kuuacha upendo uje baadaye, na hicho kimependwa na wasomaji wengi. Ungeweza kuanza wiki moja baada ya sherehe, wakati deni la ukumbi halijalipwa na wawili hao wanagundua kwamba hawajawahi kusali pamoja bila mtu wa tatu. Imani yao uionyeshe hapo, katika namna wanavyozungumzia deni hilo.

Ukimaliza rasimu, mpe mtu aliyekaa katika ndoa miaka mingi na mpe pia binti ambaye bado hajaolewa, kila mmoja asome peke yake na atie alama mahali alipoacha kuamini kinachosimuliwa. Sehemu watakazotia alama wote wawili ziandike upya kabla hujampelekea mchapishaji.